Mbeba Lawama wa Jumba la Faraja

Nchi ile siyo hii, wala haipakani na hii, na atakayeona zinafanana basi macho yake ndiyo yana neno. Katika nchi ile palikuwa na sheria nzuri kupita zote, ikiitwa Sheria ya Kumwepusha Mwekezaji na Fadhaa. Wakubwa walikaa, wakafikiri, wakaona kwamba mwekezaji wa majumba ni kiumbe mwororo kama kifaranga cha siku ya kwanza. Ukimkoholea tu anakufa, au anahamia nchi ya jirani, na kwa wakubwa wale kufa na kuhama kwa mwekezaji ni msiba uleule. Wakasema: jengo likipasuka, mwekezaji asiulizwe. Dari likidondoka, asiulizwe. Ngazi ikikatika na mtu yuko juu yake, asiulizwe, tena apewe pole.

Lakini msidhani wakubwa wale walikuwa wajinga. Walijua lawama ni kama maji ya mvua, ukiyazibia mlangoni yatapita dirishani. Lazima yapewe mahali pa kuingia. Ndipo wakatunga cheo cha Mbeba Lawama. Kila jengo liwe na wake, jina lake libandikwe langoni, na likitokea la kutokea aitwe yeye.

Mwanzoni waliwekwa watu hai. Haikufaa. Mtu hai ana kero: analia, anaugua, anatorokea kwao, na wengine walithubutu kusema mbele ya mahakama, "Lakini mimi sikujenga." Ndipo wakili mmoja msomi, Bwana Tendegu, akapata wazo lililompatia nishani.

"Waheshimiwa," alisema, huku akishika kola ya joho lake kama anayeshika kichwa cha samaki aliyemvua mwenyewe, "tunahangaikia nini na hawa walio hai, ilhali marehemu tunao tele? Marehemu hakimbii. Marehemu hakati rufaa. Na ukimsomea mashtaka ananyamaza, na kunyamaza ni kukubali."

Waheshimiwa wakapiga meza mpaka glasi za maji zikacheza.

Tangu siku hiyo mawakili wa nchi ile wakawa watu wa kwanza kufika msibani, na wa mwisho kuondoka, na hakuna aliyelia kuwashinda.

*

Bi Nyamvula wa mtaa wa Kisimachungu alifiwa na mumewe wakati wa kiangazi. Mume alikuwa Kibwana Mdoe, mshona magodoro ya sufi. Nywele zake hazikukosa sufi hata siku ya Idi, na watoto wa mtaa waliamini alizaliwa na mvi. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, na katika maisha yake yote hakujenga kitu. Hata banda la kuku la pale nyumbani alilijenga mkewe. Yeye alishika misumari, na misumari yenyewe akaidondosha kwenye majani.

Walimzika vizuri. Udongo ulipokwisha kusawazishwa, nduguye, Mzee Songoro, akasimama kaburini kusema maneno ambayo kila mwenye msiba huyasema.

"Ndugu zangu, marehemu alikuwa mtu, na mtu hakosi kuacha jambo. Mwenye dai naye asimfuate huko aliko. Aje kwetu. Sisi tupo, tutalibeba. Na kama alimkosea mtu kwa neno, tunamwombea msamaha."

Watu wakaitikia, "Tumemsamehe."

Sauti moja ya nyuma haikuitikia hivyo. Ilisema, "Mimi ninalo."

Alikuwa wakili Tendegu. Viatu vyake alikuwa amevivalisha mifuko ya nailoni, udongo wa makaburini usije ukavikwaruza.

"Una dai gani, mwanangu?" Mzee Songoro aliuliza, aibu imekwisha kumpanda.

"Fedha hadaiwi, mzee. Ana jengo."

"Jengo!"

"Jumba la Faraja, pale barabara kuu. Orofa nane. Kwa upande wa kodi ni la mteja wangu, Mwekezaji Lukuba. Kwa upande wa mengineyo ni la marehemu, kuanzia sasa hivi, kwa kuwa familia imetamka mbele ya mashahidi kwamba italibeba."

Mzee Songoro akatazama huku na huku. Waombolezaji wakatazama chini. Huko kwao kubishana kaburini ni kumtukana maiti, na kulirudisha neno ulilolisema juu ya kaburi ni kama kulila tapishi lako. Wakili Tendegu aliijua desturi ile kuliko wenyewe. Ndiyo aliyokuwa akiilia. Mzee wa watu akasema, "Basi, tutalibeba." Kidau cha wino kikatoka mfukoni mwa wakili, na Mzee Songoro akatia dole gumba akiwa bado ana udongo wa kaburi la nduguye mkononi.

Bi Nyamvula aliyapata hayo nyumbani, wanaume waliporudi.

"Shemeji," alisema, "umemtwisha nduguyo jumba la orofa nane, mtu ambaye hata chumba alicholala alikuwa akipanga?"

"Nilisema la desturi tu, shemeji. Ningejuaje kuna mtu atalichukua neno la desturi alifanye neno?"

"Sasa watamfanya nini?"

"Watamfanya nini mtu aliyekufa? Mwache apumzike."

Bi Nyamvula akakaa edani, akamwacha mumewe apumzike. Hakujua kwamba mwenzake ameshaanza kazi.

*

Eda ilipokwisha, tarishi wa mahakama akaja na baiskeli. Hakukubali kukaa wala kunywa maji, kwa sababu ujumbe wake ulikuwa wa kiserikali.

"Bi Nyamvula, umeamriwa umzuie marehemu wako."

"Nimzuie na nini?"

"Na kusumbua wapangaji wa Jumba la Faraja. Anapanda ngazi mchana kweupe. Anabisha hodi kwenye milango ya watu. Wakifungua hayupo. Mwekezaji amefadhaika."

Bi Nyamvula akacheka. Jirani aliyekuwa akichambua mchele akacheka pia. Kisha kicheko cha Bi Nyamvula kikakatika chenyewe.

"Anabishaje?"

"Anabishaje vipi, mama? Anabisha."

"Nionyeshe."

Tarishi akatazama kama kuna mtu anamwona, akainama mlangoni, akagonga kwa kiwiko. Mara mbili. Kimya kidogo. Halafu mara moja, polepole, kama mtu aliyekuwa amesahau.

Bi Nyamvula akatafuta mahali pa kukaa. Kibwana alikuwa akibisha vile kila jioni, kwa kiwiko, kwa kuwa mikono yake siku zote ilikuwa imeshika godoro.

*

Jumba la Faraja lilikuwa zuri, hilo lisemwe. Lilipakwa rangi ya waridi, na langoni palikuwa na picha ya Mwekezaji Lukuba akitabasamu. Mwenyewe hakuna aliyewahi kumwona, maana hata kutazamwa kunaweza kumfadhaisha. Chini ya picha palikuwa na kibao: MBEBA LAWAMA: KIBWANA MDOE. Kutoka kwenye kibao kile ufa ulipanda ukuta mpaka juu kabisa, mpana kiasi cha kuingiza mkono wa mtoto. Halmashauri ilikwisha kuja kuukagua, ikauzungushia fremu ya mbao na kuuandikia: PAMBO LA UKUTA, USIGUSE.

Ukumbini chini, ndani ya chumba kilichoachwa wazi, mwanamke mmoja aitwaye Siwema alikuwa akichoma vitumbua.

"Wewe ndiye mke wa mzuka wetu?"

"Ana jina."

"Jina lake tunalijua, liko langoni. Huja kwangu adhuhuri, nikiwa ndio nageuza vya mwisho. Nafungua, patupu. Ila hii." Siwema akafungua kipande cha gazeti. Ndani palikuwa na sufi, nyeupe, safi, kama iliyotoka kupigwa. "Kila siku kizingitini. Mwanzo nilikuwa nasema karibu. Siku hizi nasema, nenda zako, mlaaniwa uliyetupasulia nyumba."

"Hakupasua yeye."

"Si jina lake hilo langoni? Watu wote wanamtukana, bibi, si mimi tu. Orofa ya tano wanammwagia maji."

Bi Nyamvula akainua kichwa. Alikuwa anasikia. Juu yao, katika ngazi, mtu alikuwa akipanda. Hatua, hatua, hatua, kisha kusimama na kuvuta pumzi, kama anayehamisha mzigo kutoka bega hili kwenda lile. Vitumbua vikaanza kuungua na Siwema hakuvigeuza.

"Kibwana," Bi Nyamvula akaita. "Kibwana, unatafuta nini?"

Zile hatua zikanyamaza. Kisha hodi ikabishwa, si mlangoni, bali ukutani, palepale penye fremu ya pambo. Mchanga ukamiminika kutoka ndani ya ufa, mwembamba, kama unga unaotoka kwenye chekecheke, ukajaza kiganja cha Bi Nyamvula.

Milango ikafungwa kote, pa, pa, pa. Na kutoka nyuma ya kila mlango alisikia mumewe akitukanwa.

*

Akaenda Idara ya Lawama. Karani wa pale alikuwa na kiti cha kuzunguka, na kila ulipomuuliza neno alizunguka mara moja kabla ya kujibu.

"Nataka jina la mume wangu litolewe."

Karani akazunguka. "Aje mwenyewe, na picha mbili."

"Amekufa."

"Kufa hakukumzuia kubeba, bibi. Kwa nini kumzuie kuja?"

"Yeye hakulijenga jumba lile."

Karani akazunguka tena, safari hii kwa huruma. "Hakuna aliyelijenga. Majumba yote ya nchi hii yapo tu. Ukianza kuuliza nani kajenga, mwekezaji atakuja kweli?"

Bi Nyamvula hakupandisha sauti. Alilea watoto sita na mume mmoja, na subira alikuwa nayo ya kugawa. Alikaa kwenye benchi mpaka chai ya karani ikapoa, kisha mpaka karani mwenyewe akapoa. Mwisho akainama, akanong'ona kama anayetoa siri ya jeshi.

"Kuna kifungu kimoja, hakijatumika tangu sheria itungwe. Mtu hai akijitolea kwa hiari yake, marehemu anatuliwa."

"Mtu hai wa namna gani?"

"Kifungu kinasema mtu hai. Hakikusema mwenye akili."

*

Kesi ikaitwa kwa Hakimu Lwambo. Kizimbani waliweka kiti kitupu na glasi ya maji, kwa kuwa nchi ile inaheshimu haki za washtakiwa. Wakili Tendegu akasimama, akalikung'uta joho.

"Mheshimiwa, mshtakiwa huyu ni mtu hatari. Kwanza, amesababisha ufa, au kwa lugha ya kisheria, pambo. Pili, badala ya kukaa kaburini kama raia mwema, anapanda ngazi za mteja wangu bila kulipa kodi. Tatu, anabisha hodi, akijua fika kwamba hodi inamlazimu mtu kusema karibu, na hivyo anawalazimisha wapangaji ukarimu!"

Mpiga mbiu akatoka mlangoni kumwita mshtakiwa, kama ilivyo kanuni.

"Kibwana Mdoe!"

Kimya. Nje mbuzi akalia.

"Kibwana Mdoe!"

Kimya.

"Kibwana Mdoe!"

Hodi ikabishwa kwenye mlango wa mahakama. Mara mbili. Kimya kidogo. Mara moja. Mlango ulikuwa wazi, na kila mtu aliona kwamba pale hakuna mtu.

Kalamu ya Hakimu Lwambo ikaanguka. Askari wa mlangoni akasogea, akaenda kusimama karibu na dirisha. Wakili Tendegu peke yake ndiye aliyefurahi. "Mheshimiwa, iandikwe kwamba mshtakiwa amefika na amekiri!"

"Niachieni mume wangu," sauti ikasema. Watu wakageuka. Bi Nyamvula alikuwa amesimama, kanga yake ameifunga kiunoni kama anayekwenda kuchota maji. "Nitabeba mimi."

"Napinga!" alisema Tendegu. "Mheshimiwa, mama huyu yu hai!"

Hakimu akafungua kitabu, akakisoma kifungu, akakisoma tena. "Bibi, unajua unachokiomba? Jumba lile likianguka, kila roho itaandikwa juu yako. Siyo juu ya Bwana Lukuba. Juu yako."

"Najua."

"Kwa nini basi?"

"Mheshimiwa, yule bwana amebeba magodoro ya watu kulala maisha yake yote. Yeye mwenyewe hajalala. Nataka akalale."

Akatia dole gumba. Kibao cha langoni kikabadilishwa siku ileile. Katika jambo hilo moja serikali ya nchi ile ilikuwa na haraka ya ajabu.

*

Kesho yake Bi Nyamvula akaenda kulitazama jina lake. Kibao kilikuwa kimepigwa rangi mpya. Ukumbini palikuwa kimya, na moyo wake ukatulia. Akageuka aende zake.

Huko juu, mtu akabisha hodi.

"Aa, jamani Kibwana!" Machozi yakamlenga. "Nimekutua. Jina lako limetoka, nenda kupumzika. Bado unadai nini kwa watu?"

Hodi ikasikika tena, mlango wa pili. Kisha wa tatu. Bi Nyamvula akakaa kwenye ngazi ya chini, akasikiliza kwa makini, maana mtu uliyeishi naye unamjua hata kwa kikohozi. Hapakuwa na hasira katika kubisha kule. Mlango, kisha mlango wa jirani, kisha wa jirani ya jirani. Hakuruka hata mmoja, na hakukaa penye mmoja.

Ndipo alipopata kuelewa. Mwenye lalamiko hubisha mlango mmoja. Anayebisha yote ana onyo.

Akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa unatetemeka kidogokidogo, kama ngozi ya ng'ombe anapotuliwa na nzi.

Akainuka, akabisha hodi kwa Siwema.

"Nani?"

"Mbeba Lawama wa jumba hili. Nimekuja kuomba radhi."

Siwema akafungua, kijiko mkononi. "Radhi ya nini?"

"Ya jumba kukuangukia."

"Mbona halijaniangukia?"

"Likikuangukia sitapata nafasi ya kukuomba, wala wewe hutapata nafasi ya kunisamehe. Ndiyo maana nimewahi. Nisamehe, mwanangu, wewe na watoto wako."

Hapa lazima ieleweke jambo moja la nchi ile. Watu wake walikwisha kuona mabango ya HATARI mpaka wakayaanikia nguo. Walikwisha kusikia wataalamu wakisema jumba ni imara, na wataalamu walewale wakisema si imara sana, na hawakuhamisha hata kijiko. Lakini tangu nchi ile ipate bendera, hakuna mtu wa upande wa jengo aliyewahi kumwomba mpangaji radhi. Hata mara moja.

Siwema akalizima jiko.

"Wameomba radhi," alisema taratibu. Kisha akapiga ukelele uliofika barabarani. "Jamani eeh! Tokeni! Wameomba radhi!"

Jumba zima likaingia kiwewe. Watu walitoka na masufuria, na magodoro, na cherehani, na jogoo, na bibi harusi mmoja aliyekuwa amepakwa hina mkono mmoja. Bi Nyamvula akapanda orofa ya kwanza: hodi, nisameheni. Akapanda ya pili: hodi, nisameheni. Hapo magoti yakamgomea. Akakaa kwenye ngazi, akalia, kwa sababu juu yake zilibaki orofa sita na watu ndani yake.

Lakini watu wakaendelea kushuka. Walimpita pale alipokaa, wa orofa ya tatu, wa ya nne, wa ile ya tano iliyokuwa ikimwaga maji. Wengi walikuwa wakitembea kimya, macho wameyatoa, na nywele zao zina sufi. Wa mwisho alikuwa mzee kiziwi wa orofa ya juu, pekupeku, akisema peke yake, "Nimesamehe, bwana, nimeshasamehe."

Siwema ndiye aliyemvuta Bi Nyamvula nje kwa mikono miwili.

Alasiri ile Jumba la Faraja likakaa chini, taratibu, kama mtu mzima aliyechoka kusimama. Vumbi la waridi likafunika barabara kuu. Lilipotua, watu wakaanza kuitana majina, na kila aliyeitwa akaitika.

*

Kwa kuwa hapakufa mtu, nchi ilishikwa na taharuki kubwa. Lawama bila maiti ni kama joho bila wakili. Mwekezaji Lukuba aliletewa mashada ya maua. Bi Nyamvula akakamatwa na kushtakiwa kwa kuomba radhi bila kibali, na kwa kusababisha jengo kuanguka pasipo watu, kinyume cha matarajio.

"Mheshimiwa," alisema Tendegu, na safari hii sauti ilitetemeka kweli, "mteja wangu ana fadhaa! Ikiwa kila Mbeba Lawama ataanza kujuta mapema, nani atawekeza?"

Hakimu Lwambo alikuwa amekonda tangu kesi ya kwanza. "Bibi, ushahidi unaonyesha uliishia orofa ya pili. Wa juu nani aliwatoa?"

"Mume wangu."

Karani wa mahakama akainua kalamu. "Mheshimiwa, hilo siwezi kuliandika."

"Hawezi!" Tendegu akadakia. "Sheria iko wazi. Marehemu anaweza kutenda kosa. Hawezi kutenda wema. Tukifungua mlango huo, kesho makaburi yote yatataka kushukuriwa!"

Nyuma ya ukumbi mtu akasimama. "Kwangu alibisha." Akasimama mwingine. "Na kwangu. Tulimmwagia maji siku zote, na bado alibisha." Mzee kiziwi akasimama bila kuambiwa. "Mimi sijasikia hata radi tangu mwaka wa mafuriko. Hodi ile niliisikia. Alisema, niwieni radhi."

"Uzushi!" Tendegu akapaza sauti. "Kama ni mwema hivyo, aitwe! Aje aseme!"

Mpiga mbiu akatoka mlangoni, shingo upande.

"Kibwana Mdoe!"

Watu wakazuia pumzi.

"Kibwana Mdoe!"

Askari akaushika ukuta.

"Kibwana Mdoe!"

Hapakusikika kitu. Si hatua, si kiwiko. Upepo uliingia mlangoni, ukatoka dirishani, basi. Bi Nyamvula akaufunika uso kwa kanga, na mabega yake yakacheza, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka.

"Amelala," alisema. "Msimwite tena, tafadhali. Amelala."

Hakimu akagonga meza. "Watu wote nje. Abaki mshtakiwa."

"Napinga—"

"Nje, Tendegu."

Mlango ukafungwa. Hakimu Lwambo akavua joho, akalikunja, akaliweka mezani kama nguo ya mtu mwingine. Akashuka kutoka kiti chake kirefu, akaja kukaa kwenye benchi la washtakiwa, ubavuni pa Bi Nyamvula.

"Bibi," alisema, "mumeo, je, hupita na majumba mengine?"

"Kila jumba lina wake, Mheshimiwa. Wewe unakaa wapi?"

"Jumba la Utulivu. Na lenyewe ni la Lukuba." Akavitazama viganja vyake. "Waliniambia nitapunguziwa kodi nikiwapa jina la mtu wangu. Niliona ni jina tu. Nikawapa mama."

Bi Nyamvula akamgeukia.

"Anakuja kila siku wakati wa chakula. Anabisha kwa pete, alikuwa na pete ya fedha. Watoto wanauliza, baba, nani yule? Nafungulia redio."

"Na wako huko sasa, watoto?"

"Wako huko. Na mama yao."

Bi Nyamvula akamwekea mkono begani, mkono mkavu wa mwanamke aliyechambua sufi maisha yake yote.

"Hukumu yangu itangoja," alisema. "Kamfungulie, mwanangu. Kimbia ukamfungulie mama."